Reli ya Tanga: Kwa Nini Ilichelewa, na Mambo Inayowafunza Wajenzi

Wasomaji wengi wa wilaya ya Korogwe wameiona tangu utoto wao njia ya reli ipitayo Ngombezi kwenda Mombo na Moshi, na kitu kionekanacho kila siku huacha kuulizwa habari zake. Lakini njia hii ina historia ya kumpa mtu mawazo. Kutoka bandari ya Tanga hata Korogwe ni kilometa 84 tu, safari ambayo mtu mwenye miguu mizuri aweza kuitembea kwa siku tatu. Nao wajenzi walitumia miaka tisa kuimaliza. Kisha njia hiyo hiyo, kutoka Buiko mpaka Moshi, kilometa 178, ikajengwa kwa muda wa miaka miwili hivi. Jua lilikuwa lile lile na homa ile ile. Chuma kilitoka Ulaya kama kwanza, na tuta lilijengwa kwa jembe na karai kama kwanza. Basi ni kitu gani kilichobadilika? Swali hili ndilo nitakalojaribu kulijibu, kwa kuwa jibu lake lawafaa wote wajengao, makampuni makubwa ya makandarasi na kamati ndogo za vijiji pia.

Kampuni ya kwanza

Mwaka wa 1891 Wadachi, yaani Wajerumani, walianzisha kampuni ya kujenga reli katika nchi hii, nia yao ikiwa kuiunganisha bandari ya Tanga na milima ya Usambara, ambako wenzao walikuwa wakipanda kahawa. Kazi ilianza Tanga mwezi wa Juni 1893. Mwezi wa Aprili 1896 gari la moshi likafika Muheza, kilometa 40 kutoka pwani. Hapo fedha ya kampuni ikaisha na kazi ikasimama. Majembe yakawekwa, wafanyakazi wakatawanyika, na majani yakaanza kuota juu ya njia iliyopimwa. Mwaka wa 1899 Dola ya Kidachi ikainunua reli hiyo kwa mark milioni 1.3, ikaiendeleza kwa mwendo wa pole, na gari likafika Korogwe mwaka wa 1902. Toka hapo likapita Ngombezi na kufika Mombo mwaka wa 1905.

Watu wengi wakisimulia habari hizi husema kampuni ilishindwa kwa sababu ya ugumu wa nchi. Ni kweli kwamba nchi ilikuwa na shida zake. Nzige walikuja mwaka wa 1894, na kati ya 1898 na 1900 njaa kuu iliwapata watu wa pande hizi. Mtu mwenye watoto wenye njaa haachi shamba lake kwenda kubeba udongo wa reli, wala mwenye njaa hana nguvu za kuinua chuma. Zaidi ya hayo, wenye mashamba ya kahawa walikuwa wakiwatafuta vibarua wale wale waliotafutwa na reli, kila mmoja akimvuta mkono wake.

Lakini tukichunguza zaidi twaona kosa lilianza kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Kampuni ilikuwa na fedha ya kuanza, haikuwa na fedha ya kumaliza. Wenye hisa walitumaini kwamba kipande cha kwanza kikianza kufanya kazi, faida yake itasaidia kujenga kipande cha pili. Hesabu hiyo ilikuwa mbovu, kwa maana reli iliyoishia Muheza haikufika mahali penye mizigo mingi, na kahawa ya Usambara yenyewe haikuzaa kama walivyotumaini. Reli nusu haileti faida nusu. Huleta kidogo sana, au huleta hasara, kwani watumishi wake hulipwa, na matuta yake hutengenezwa kila baada ya mvua, ijapokuwa mabehewa yanapita matupu. Ndivyo ilivyo kwa kila jengo. Nyumba yenye kuta nne bila paa haimsitiri mtu hata nusu ya mvua.

Habari za jirani yetu wa kaskazini

Wakati ule ule ambapo njia ya Tanga ilikuwa imelala Muheza, Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwa la Nyanza. Walianza mwaka wa 1896; mwezi wa Mei 1899 wakafika mahali pa bwawa palipoitwa Nairobi, na mwezi wa Desemba 1901 wakafika ziwani, mahali tupaitapo leo Kisumu. Ni maili 582, yaani zaidi ya kilometa 930, kwa miaka mitano na nusu. Wadachi katika miaka hiyo hawakumaliza hata kilometa 44 kati ya Muheza na Korogwe.

Sababu ya kwanza ya mwendo ule ilikuwa fedha, kwa kuwa Bunge la Uingereza liliidhinisha kazi yote mpaka ziwani. Sababu ya pili ilikuwa mpango wa nyuma. Jangwa la Taru halina maji, basi maji ya maelfu ya watu yalipelekwa kwa treni juu ya njia iliyokwisha kutandikwa. Kadhalika posho, reli, mataruma na misumari vilifuata nyuma ya wajenzi kila siku. Penye daraja gumu hawakungoja. Walijenga daraja la muda la miti, wakavuka, na mafundi wengine wakabaki nyuma kujenga daraja la kudumu. Huko Kikuyu, penye ukingo mkali wa bonde, walishusha mabehewa kwa kamba za chuma ili kazi ya bondeni isisimame wakati njia ya kudumu ikichimbwa. Nairobi yenyewe ilianza kama mahali pa ghala na karakana, pa kukusanya vitu kabla ya kupanda na kushuka milima. Yaani mji mkuu wa Kenya ulizaliwa kutokana na haja ya mjenzi ya kuwa na stoo.

Hata hivyo wasomaji wasidhani ninawasifu kwa kila jambo. Fedha iliyokadiriwa mwaka wa 1896 ilikuwa pauni milioni 3. Iliyotumika ikawa kama pauni milioni 5 na nusu. Hakukuwa na mkandarasi aliyefungwa na mkataba. Kazi iliongozwa na kamati iliyokaa London, mbali sana na mahali pa kazi, na kila shida ilipotokea fedha iliongezwa. Tena gharama nyingine haikuandikwa kwa pauni. Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi; karibu 2,500 wakafa, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Habari za simba wa Tsavo mwaka wa 1898, waliowala wafanyakazi hata kazi ikasimama kwa majuma kadha, zimeenea duniani kote. Lakini walioliwa na simba ni wachache mno kuliko waliouawa na homa na kuhara. Simba huandikiwa vitabu, na maji machafu husahauliwa. Mjenzi apimaye kazi yake kwa wepesi tu, bila kuhesabu fedha na watu, amepima kwa kibaba kilichotoboka.

Mabadiliko ya mwaka wa 1904 na baadaye

Sasa turudi kwetu. Wadachi walijifunza, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka wa 1904 ilianzishwa kampuni mpya ya kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na safari hii Dola iliwapa wenye hisa dhamana ya faida yao, ili fedha isikatike katikati ya kazi. Ujenzi wenyewe walipewa makandarasi wa kampuni ya Philipp Holzmann. Walianza mwaka wa 1905, na mwaka wa 1907 wakafika Morogoro, kilometa 209, ijapokuwa vita vya Majimaji vilikuwa vikiwaka kusini mwa njia hiyo. Mwaka wa 1907 huo huo waziri wa makoloni, Bernhard Dernburg, alikuja mwenyewe Afrika Mashariki, akaona kwa macho yake. Na mwaka uliofuata Bunge la Berlin likaidhinisha mkopo mkubwa wa reli za makoloni. Holzmann wakaendelea mpaka Tabora, wakafika mwaka wa 1912 kabla ya muda wa mkataba wao, na mwezi wa Februari 1914 wakafika Kigoma, kilometa 1,252 kutoka bahari.

Kwa upande wa Tanga, kazi ilikabidhiwa kampuni ya Lenz, ambayo ilikuwa na uzoefu wa kujenga reli ndogo huko kwao na katika makoloni mengine ya Kidachi ya Afrika. Njia ikafika Buiko mwaka wa 1909, na Moshi mwaka wa 1911.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Mambo matatu yalibadilika. Kwanza, fedha ya kazi nzima ilijulikana na kuwekwa kabla ya kuanza. Pili, mkandarasi alifungwa na mkataba wenye mipaka na tarehe, kila mtu akajua nani atajibu kazi ikichelewa. Tatu, na hili husahauliwa mara nyingi, kikosi hakikuvunjwa. Kipande kimoja kilipokwisha, maofisa wapimaji, mafundi wa madaraja, wanyapara na makarani waliendelea na kipande cha pili, wakichukua pamoja nao maarifa waliyoyapata. Clement Gillman, injinia ambaye baadaye aliandika historia ya reli za Tanganyika, aliingia katika kazi ya Reli ya Kati mwaka wa 1905, akaendelea nayo mwaka hata mwaka. Mtu aliyekwisha kuona mto ukifurika katika Machi hahitaji kuambiwa mara ya pili mahali pa kuweka daraja. Lakini kampuni iliyosimama Muheza ilipoteza watu wake, na walioanza tena miaka mitatu baadaye walianza kama wageni.

Twaona basi kwamba kazi ya ujenzi haiharibiki mbele, pale ambapo fundi anapiga nyundo. Huharibika nyuma yake: katika hesabu, katika ghala, katika mkataba na katika malipo. Fundi mbele huonekana mvivu, kumbe anangoja misumari.

Habari za wafanyakazi

Pana jambo moja ambalo Wadachi hawakulijifunza vizuri hata mwisho, nalo ni kumtendea mfanyakazi kwa haki. Reli na mashamba vilipokosa watu, Wanyamwezi na Wasukuma walikuja kwa miguu kutoka bara, safari ya majuma mengi, wakafanya kazi kwa miezi kadha, wakarudi kwao na fedha au nguo. Wengine walikaa, na wajukuu wao wapo Korogwe hata leo. Hao walikuja kwa hiari kwa sababu walijua watapata nini. Lakini katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, serikali ilianza mwaka wa 1907 kutoa kadi, na kila mwanamume alilazimishwa kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa bwana wa Kizungu. Asiyetimiza aliweza kupelekwa kwa nguvu katika kazi za serikali. Hata baadaye, wakati wa Waingereza, wafanyakazi wa mkonge walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba kuliko kwa majina.

Kadi yaweza kumleta mtu kazini, haiwezi kuuleta moyo wake. Aliyelazimishwa hutazama jua. Atachimba mtaro kwa kina cha kumridhisha nyapara, wala si kwa kina kinachotakiwa na maji. Mwaka ujao mvua itamshitaki, naye hatakuwapo. Makandarasi wa siku hizi wanaochelewesha mishahara kwa miezi miwili na kisha kushangaa kwa nini saruji inapotea hawajakisoma kisa hiki.

Maji ni mkaguzi asiyepokea rushwa

Hata kazi iliyokwisha kabla ya siku yake si lazima iwe imekwisha vema. Wajenzi wa Reli ya Kati walifikiri sana juu ya mchwa, wakaweka mataruma ya chuma badala ya miti, na jambo hilo liliwasaidia. Lakini kati ya Kilosa na Gulwe njia yao ilifuata bonde la mto wa Mkondoa, kwa kuwa bonde ndilo njia rahisi ya kupandia nyanda za juu. Mto haukusahau. Mafuriko yameikata njia hiyo mara nyingi, na mwisho wa mwaka wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliiharibu vibaya hata treni zikasimama. Urahisi wa mjenzi umekuwa gharama ya wajukuu kwa miaka mia moja. Kwa hiyo swali la mwisho la kumwuliza mkandarasi yeyote ni hili: Maji yatapita wapi?

Reli yetu ya Tanga nayo ilipata ugonjwa wa namna nyingine, ugonjwa wa kutotunzwa. Mwaka wa 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa njia mpya kutoka Mnyusi mpaka Ruvu; lakini baadaye safari za abiria zilikoma kwa miaka mingi, nyasi zikafunika mataruma, mpaka njia ilipotengenezwa na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikapita tena Korogwe kwenda Moshi mwezi wa Desemba 2019. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Wala tusidhani kwamba mitambo ya siku hizi imeondoa shida za wazee. Kipande cha reli mpya kati ya Dar es Salaam na Morogoro kiliwekewa jiwe la msingi mwezi wa Aprili 2017, kwa tumaini la kwisha mwaka wa 2019. Kilianza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024. Mashine huongeza nguvu za mkono. Hazifanyi hesabu badala ya kichwa.

Yatupasayo sisi

Katika vijiji vyetu yapo majengo yaitwayo maboma: kuta za madarasa, za zahanati na za nyumba za walimu, zilizoinuliwa kwa michango ya wananchi na kuachwa bila paa. Kila boma ni Muheza yake. Mjane aliyetoa kuku wake auzwe kwa ajili ya darasa ana haki ya kuona darasa, asione ukuta uliootwa na magugu. Naye akiombwa mchango mara ya pili akakataa, tusimwite mchoyo. Kwani tumemfundisha wenyewe kwamba fedha yake hupotea. Hii ndiyo hasara kubwa ya kazi isiyokwisha, kwa kuwa tofali lililovunjika hufyatuliwa tena, lakini imani ya watu haifyatuliwi kwa siku moja.

Basi, kwa kuifuata historia hii, nashauri mambo haya kwa kamati na kwa mafundi vijana wanaoanzisha makampuni yao madogo.

Kwanza, hesabu ianzie paani ishuke msingini. Anayehesabu kuanzia msingi huishiwa na fedha kabla ya bati. Ikiwa fedha haitoshi madarasa manne, jengeni moja hata mlango na kufuli, watoto waingie; darasa moja lililokwisha litawaita wachangaji kuliko hotuba kumi.

Pili, kazi ifuate majira. Msichimbe misingi katika masika, wala msiite watu kwa msaragambo siku za kupalilia mahindi.

Tatu, pawe na ghala lenye mlango, na daftari lenye kuandikwa kila siku: mifuko iliyoingia, iliyotoka, na aliyeipokea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, mapatano na fundi yaandikwe, yaonyeshe kazi gani, kwa fedha gani, na itakwisha siku gani. Kisha fundi na vibarua wake walipwe siku iliyoahidiwa. Kamati isiyotimiza siku ya malipo haina uso wa kudai siku ya kazi.

Tano, awepo mtu mmoja wa kuuliza. Kamati ya watu kumi na wawili ni nzuri ya kushauriana. Lakini mambo ya kila siku yawe mikononi mwa mmoja anayejulikana, anayeishi karibu na kazi, asiye kama ile kamati ya London.

Sita, jengo likiisha, itengwe fedha kidogo kila mwaka ya kuzibua mifereji na kugongomea bati lililolegea.

Mambo haya hayahitaji elimu ya chuo kikuu, na hayahitaji injini. Yalikuwa yakijulikana hata mwaka wa 1893, na kwa kuyadharau kampuni yenye fedha za Ulaya ilikwama kilometa 40 kutoka baharini. Kijiji chenye madaftari safi na mafundi waliolipwa chaweza kufika mbali kuliko hapo.